Mume wangu anacheza mpira Oman, mshahara hautoki, sasa anataka pesa yangu ya karafuu aende majaribio

Asalaam aleikum Ami, na shikamoo. Mimi msomaji wako niko Pemba, jina naomba usilitaje kwa sababu hapa Chake watu tunajuana, na mume wangu ndo kabisa, kila mtoto anayepiga mpira Gombani anamjua.

Mume wangu ana miaka 30, anacheza kiungo. Nimeolewa nae yuko timu moja ya Unguja, baadae akapata timu bara, huko akakaa benchi sana, akaenda Msumbiji, akarudi, akaenda Oman daraja la pili, kule alicheza vizuri wallahi mpaka akaitwa Bahrain, Bahrain akaumia goti, mkataba ukaisha wakamuacha, akarudi nyumbani akakaa bila timu muda mrefu mpaka akawa hataki hata kwenda barazani, halafu ndo ikatokea hii timu ya Oman ya sasa hivi, kasaini mwaka jana. Yani karibu kila mwaka jezi nyengine. Watu wanamwita profeshno, wanaona zile picha zake za mazoezini wanadhani sisi matajiri, kila harusi tunaandikwa juu kwenye mchango, na ukweli ni kwamba nyumba yetu imefika kwenye lenta ikasimama, majani yameota ndani.

Sasa ni mwezi wa tatu hajalipwa. Na mimi nilikuwa sijui! Pesa ilikuwa inakuja, kidogo lakini inakuja, kumbe anakopa kwa jamaa zetu walioko Muscat. Nimejua kwa sababu mke wa mmoja wao ni mtu wa Wete tunafahamiana, akanipigia akaniuliza kistaarabu tu, eti mumeo kasema lini ataweza kurudisha. Nilikosa la kujibu. Nilipomuuliza mwenyewe ndo akasema, klabu inawaambia subirini mdhamini hajatoa, na wale wachezaji wenyeji wana kazi zao nyengine asubuhi kwa hiyo wao hawaumii sana, wanaoumia ni hawa wageni, wanakaa watu wanne fleti moja na chakula wanachangishana.

Kuna mtu yuko Dubai anajiita wakala, wamejuana Instagram. Anasema kuna timu Malaysia inatafuta kiungo, aache hiyo timu aende majaribio, ila kwanza atume dola 1,500 za viza na tiketi na kitu anakiita kufungua faili. Hana hiyo pesa. Ndo kanigeukia mimi. Mimi nina mikarafuu, fungu langu katika alichotuachia marehemu baba, msimu huu nimechumisha nimeanika nimeuza ZSTC, lile shirika la serikali linalonunua karafuu, pesa ipo nilikuwa nataka nipaue nyumba. Anasema nimpe, na ikiwa haitoshi tuweke shamba rehani. Na anataka aondoke kule kimya kimya, awaambie anakuja Pemba kuzika, ndo asirudi.

Mjomba wake nae ana mtu kwenye timu moja ya vikosi vya serikali Unguja, anasema arudi tu acheze, ataingizwa kazini apate mshahara wa kila mwezi. Mimi hii naipenda, lakini mama mkwe hataki kusikia, anasema mwanawe arudi na begi la nguo tu watu wamuone vipi, na kanambia mbele ya mawifi kuwa mimi ndo namrudisha nyuma mume wangu. Nililia sana siku ile.

Jengine dogo lakini linaniudhi, mwenyekiti wa timu yake ya utotoni kila akisikia kahama anakuja hapa anadai haki ya malezi, ati FIFA imesema. Mume yuko Oman mimi ndo namchemshia chai.

Ami nimpe pesa au nisimpe? Na akiondoka hiyo mishahara ndo imekwenda? Na nitamwambia vipi asione namdharau?

Mke wa mchezaji, Chake Chake

JIBU LA AMI

Waaleikum salaam, marahaba mwanangu.

Pesa usimpe. Nimeanza na hilo kwa sababu najua yule mtu wa Dubai atakuwa anapiga simu kila siku anasema nafasi inapotea, na watu wa namna hii kazi yao ndo hiyo, kukufanya uwe na haraka. Wakala wa kweli anakula katika mshahara wa mchezaji baada ya mkataba kusainiwa, halipwi kabla ili atafute. Na tokea 2023 FIFA imerudisha utaratibu wa leseni, wakala lazima afanye mtihani afaulu, na majina yao yapo kwenye tovuti ya FIFA mtu yeyote anatazama. Mumeo aandike jina la huyo bwana pale. Kama halimo basi. Na kama limo bado asitoe pesa, amuombe barua ya mwaliko kutoka klabu yenyewe, kisha aitafute klabu kwa emeili iliyopo kwenye ukurasa wao rasmi, isiwe namba aliyopewa na wakala, awaulize kwa ustaarabu jee ni kweli mmeniita. Timu inayomtaka kiungo wa kigeni kweli kweli haishindwi kumkatia tiketi. Hicho cha "kufungua faili" mimi nimecheka, faili gani la mchezaji wa mpira linafunguliwa kwa dola.

Sasa hili la kuondoka kimya kimya ndo limenitia khofu kuliko hata hizo dola. Hebu msomee mumeo hapa pole pole.

Sa hivi mwenye makosa ni klabu. Kanuni za FIFA za hadhi na uhamisho wa wachezaji zinasema, klabu ikishindwa kumlipa mchezaji mishahara isiyopungua ya miezi miwili kwa wakati wake, mchezaji ana sababu ya msingi ya kuvunja mkataba, lakini kwa sharti, kwanza awaandikie kuwa wanadaiwa, ataje kiasi, awape siku 15 kamili za kulipa. Yeye anadai miezi mitatu, kwa hiyo hapo keshavuka. Siku 15 zikipita hawajalipa anaandika barua ya pili ya kuvunja mkataba, na hapo anatoka akiwa mchezaji huru, madai yake yako hai, si mishahara ya nyuma tu bali hata ile ilobaki mpaka mwisho wa mkataba, ingawa watapunguza kile atakachokuwa anapata timu mpya. Lakini akipanda ndege leo kwa uongo wa msiba, kesho yake klabu ndo inaandika barua kuwa mchezaji katoroka kazini, na yeye hana hata karatasi moja ya kuonesha kuwa aliwahi kudai. Mwenye haki anageuka mkosa. Na yeye mkataba huu kausaini keshapita miaka 28, kwa watu wa umri huo miaka miwili ya mwanzo ya mkataba inalindwa, ukiuvunja bila sababu ndani ya muda huo FIFA inaweza kukufungia miezi minne usicheze mechi rasmi, na juu yake utozwe fidia. Kiungo wa miaka 30 aliyefungiwa miezi minne Malaysia watamtaka wa nini? Halafu kule ni Ghuba mwanangu, ukaazi wake uko chini ya mwajiri, mwajiri anaweza kuripoti kuwa mtu wake katoroka na hilo likamsumbua siku akitaka kuingia tena Oman hata kwa kuwatembelea jamaa.

Hapa kwetu tumeliona hili jambo, tena kwa mtoto wetu. Fei Toto, kiungo wetu wa Zanzibar, mwishoni mwa 2022 aliitaka njia ya mkato kutoka Yanga, akaweka shilingi milioni 112 kwenye akaunti ya klabu akasema mkataba umekwisha, Januari kamati ya TFF, shirikisho la mpira Tanzania, ikasema hapana, wewe bado mchezaji wa Yanga, miezi ikapita hachezi, mpaka katikati ya 2023 ndo ikapatikana suluhu akauzwa Azam. Na yule alikuwa Fei Toto, nchi nzima inamzungumza. Mumeo kule Oman nani atamsemea? Upande wa pili mtazame Simon Msuva, mshambuliaji wa Taifa Stars, alikuwa na madai yake Wydad ya Morocco, akayapeleka FIFA, akakaa nje muda mrefu watu huku wanasema kamaliza mpira, kesi akashinda na akapata timu Saudia. Sikwambii ilikuwa rahisi, kukaa bila timu kunaumiza, lakini alisimama juu ya karatasi.

Kwa hiyo kazi ya wiki hii ni karatasi. Atafute mkataba wake. Na hapa naomba Mungu awe nao, maana wachezaji wetu wengi wanasaini nakala inabaki kwa klabu au kwa wakala, wao wana picha ya kusaini tu wameshika jezi! Kama hana aiombe kwa maandishi. Atoe na taarifa ya benki inayoonesha mwezi wa mwisho kulipwa. Halafu aandike barua kwa Kiingereza kwenda emeili rasmi ya klabu, fupi, nadai mshahara wa mwezi fulani na fulani na fulani, jumla kadhaa, nakupeni siku 15 tokea leo mnilipe kwenye akaunti hii. Hakuna matusi hakuna kulalamika humo. Voisi noti za WhatsApp kwa meneja si barua, ingawa majibu yao ayahifadhi yote hasa lile la "subirini mdhamini", hilo ni ushahidi kuwa wanakubali deni. Na katika siku hizo 15 asikose mazoezi hata mara moja, hata akiwekwa acheze na watoto, hata akiambiwa asije basi aandike emeili kuuliza kwa nini nimezuiwa. Wengi wanaanguka hapo, wanaandika barua nzuri kisha wanakasirika wanalala nyumbani, klabu inasema huyu ndo aliyegoma.

Ikifika kwenye kesi, mchezaji mgeni na klabu ya nchi nyengine inasikilizwa na chombo cha FIFA cha migogoro, halipi ada ya kufungua, madai yanapelekwa kwa mtandao haendi mtu Uswisi, ila asizidishe miaka miwili tangu tatizo litokee. Klabu ikihukumiwa isipolipa inafungiwa kusajili, na hiyo ndo inayowauma, maana deni la mchezaji mmoja wanaweza kulipuuza lakini dirisha likifunguliwa wasiweze kusajili mtu mashabiki watawararua. Kwa msaada wa kuandika kuna SPUTANZA, chama cha wachezaji kiko bara, awatafute. Na ikiwa klabu imeshika pasi yake ya kusafiria, aende ubalozi wetu Muscat asione haya, upo kwa ajili hiyo.

Haya, mjomba na vikosi. Mimi nakuelewa kwa nini roho yako iko huko, na si wewe peke yako, mpira wetu wa Zanzibar nusu yake unabebwa na vikosi, KMKM, JKU, Mafunzo, Zimamoto, KVZ, na faida yake kubwa ni hiyo kazi, goti likikataa mshahara unaendelea. Lakini "njoo tu ataingizwa" mimi siiamini mpaka nione. Ajira za vikosi zina masharti ya umri na mumeo si kijana wa 20, mjomba aende kwa katibu wa timu aulize hasa, nafasi ipo, umri unakubaliwa, anaanza lini, au ni kucheza kwa posho tu huku akisubiri ahadi. Na usajili una dirisha. Akifika halijafunguliwa atakaa akitazama wenzake. Pia kibali chake cha uhamisho wa kimataifa kutoka Oman kinapitia TFF Dar, maana sisi si wanachama wa FIFA, na hata ule uanachama wa CAF, shirikisho la mpira Afrika, tuliopewa Machi 2017 tulinyang'anywa Julai mwaka ule ule, bado kinaniuma hicho lakini tuache. Maana yake ni kwamba akiwa na mgogoro wa mkataba kule, timu ya hapa pia itasita kumgusa. Kwa hiyo njia zote mbili, ya Malaysia na ya kurudi nyumbani, zinapita kwenye ile barua ya siku 15. Kwanza atoke pale kwa halali.

Na kama baada ya hapo ikija timu ya kweli yenye mkataba, Malaysia au kwengine, aende! Miaka 30 kwa kiungo si uzee. Tena asikubali ile ya "saini kwanza, ukishindwa vipimo tunakurudisha", kanuni haziruhusu mkataba kutegemea vipimo vya afya au kibali cha kazi, wakitaka kumpima wampime kabla, na kwa goti lile la Bahrain hili ni muhimu sana kwake. Nyumba, tiketi, bima, vyote viandikwe, cha mdomo hakihesabiwi.

Mama mkwe sasa. Mwambie, au bora mumeo amwambie kwa sauti yake maana wewe ukisema utaonekana unamshindikiza mwanawe, kuwa beki wetu Nadir Haroub Cannavaro alikwenda Vancouver Canada mwaka 2009, akarudi, na baada ya kurudi ndo amekuwa nahodha wa Yanga miaka na miaka. Abdi Kassim Babi kacheza mpaka Vietnam na karudi, na hakuna mtu Unguja anayemcheka. Kurudi si aibu. Ninachokiona mimi ni kuwa mama hajui kama mwanawe hajalipwa, yeye bado yuko kwenye zile picha. Mmemficha, na mama aliyefichwa atasema maneno kama yale. Mumeo ampigie amwambie mama sijalipwa miezi mitatu, nakula kwa kukopa. Ataumia siku mbili, halafu utaona hata ile michango ya harusi inapungua.

Mumeo nae usimuone muongo. Amekopa ili wewe usikose, hiyo si tabia mbaya, ni woga. Zungumza nae usiku akiwa peke yake si pale wale wenzake wako chumbani, na usianze na dola 1,500, anza na yule mwanamke wa Wete, mwambie nimepigiwa simu, najua, sikukasirika, tulimalize hili pamoja. Kisha ndo uje kwenye pesa. Na hapa nataka nikwambie kitu ambacho pengine wifi zako hawatakipenda, pesa ya mikarafuu ni yako, dini imekupa, mume hana fungu humo na kukataa kwako si dhambi wala si dharau. Shamba kuweka rehani kwa ajili ya mtu wa Instagram hilo lisizungumzwe tena. Lakini kama moyo wako unataka kumsaidia, basi toa kiasi umlipie lile deni la Muscat, angalau la yule jamaa mwenye mke anayekujua, muandikishane kuwa umemkopesha, tarehe na saini, na asikasirike kwa kuandika, aya ndefu kuliko zote katika Qur'an, ya 282 Suratul Baqara, ni ya kuandika deni. Akiondokewa na aibu ya wale watu atakuwa na akili ya kusubiri siku 15, sa hivi anataka kukimbia kwa sababu anaogopa kukutana nao msikitini Ijumaa. Kinachobaki kiweke kwenye mabati.

Na msimu ukimalizika, popote atakapokuwa, aulize kozi za ukocha, leseni ya CAF inaanzia D, watu wa TFF wanaziendesha. Mtu aliyecheza nchi nne ana cha kuwafundisha vijana wa Gombani, na wengi wanaanza kufikiria hilo wakiwa wameshachelewa.

Nilitaka kumsahau mwenyekiti. Fidia ya malezi ya FIFA inalipwa na klabu kwa klabu, na inakoma mwisho wa mwaka ambao mchezaji anatimiza miaka 23. Ile nyengine ya mshikamano ni asilimia 5 ya ada ya uhamisho, inagawiwa klabu zilizomlea kutoka miaka 12 mpaka 23, lakini lazima kuwe na ada, na ikiwa mumeo huko nje kote kahama kama mchezaji huru, asilimia 5 ya sifuri ni sifuri. Na hata ingekuwepo isingetoka mfukoni mwako. Mwambie mwenyekiti badala ya kuja kunywa chai yako akawaandikishe vizuri watoto alionao sasa, tarehe za kuzaliwa na msimu waliochezea, maana akipatikana mmoja wa kuuzwa bila ya hizo kumbukumbu atakosa kweli.

Mkataba ukipatikana nipigie picha kurasa zote, jina la klabu ulifunike, nitazame kile kifungu cha mshahara na cha kuvunja kabla hajatuma barua.